Mazoezi napata yote, mbona nikiandika nakosea?

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninajifunza Kiingereza mwenyewe, nje ya darasa. Mazoezi ya sarufi ya kitabuni na ya kwenye simu nayapata karibu yote, na orodha za maneno nimekariri nyingi. Lakini nikitakiwa kuandika barua pepe, au mtu akinisemesha, maneno yananikimbia na makosa ni yale yale: naandika "he go", mwanamke namwita "he", na sijui lini niweke "the". Je, niongeze mazoezi? Niache sarufi nisome hadithi tu? Na maneno mangapi yanatosha?

Jibu: Marahaba. Umeuliza mambo matatu na nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio wako, maana moja limebeba mengine.

Alama zako ni za kweli, usizitilie shaka. Tatizo ni kwamba zoezi la kitabuni halikuulizi kile ambacho barua pepe inakuuliza. Chukua zoezi la kawaida la kujaza nafasi. Juu kuna kichwa kinachosema somo ni wakati uliopita. Chini kuna sentensi kumi, kila moja ina pengo na kitenzi chake kimewekwa pembeni: "Yesterday she ... to the office", na kitenzi ni "go". Kufikia hapo kazi kubwa imeshafanywa na mtunzi. Yeye ndiye aliyeamua kwamba jambo hili ni la jana, akachagua "she", akachagua kitenzi, akapanga maneno, akaweka "the" mahali pake. Wewe umebakiziwa kukumbuka "went". Sentensi ya pili nayo ni ya wakati ule ule, na ya tatu, hadi ya kumi, kiasi kwamba katikati ya zoezi huamui tena chochote, mkono unaandika wenyewe. Kwenye barua pepe hakuna kichwa cha somo. Kila sentensi inakudai maamuzi matano au sita kwa mpigo, na hayo ndiyo ambayo hujawahi kuyafanyia mazoezi.

Kulitambua jibu ukilikuta ni jambo moja, kulitoa kichwani pasipo kuonyeshwa ni jingine kabisa. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambalo natamani kila anayejisomea alijue. Wanafunzi walipewa vifungu vya kusoma. Wengine walirudia kuvisoma, wengine waliandika walichokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri zaidi. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka, na waliojilazimisha kukumbuka ndio walioongoza. Hiyo ndiyo hali yako. Zoezi jepesi linakupa raha ya kujua papo hapo, lakini siku unapoihitaji lugha, hapo ulipoachwa bila kitabu, hakuna kilichozoea kutoka.

Kwa hiyo sikushauri uongeze mazoezi ya aina hiyo. Nakushauri ubadilishe zoezi lenyewe. Lile ninaloliamini kuliko yote ni la kutafsiri na kurudi. Benjamin Franklin, mwandishi na mwanasiasa maarufu wa Marekani, alipokuwa kijana mdogo Boston, alijifunza kuandika kwa njia inayofanana na hii. Alichukua makala za gazeti la The Spectator la London, akaandika vidokezo vifupi vya maana ya kila sentensi, akaviweka kando siku chache, kisha akajaribu kuiandika makala upya kwa maneno yake na kuilinganisha na ya asili ili aone alipokosea. Yeye alikuwa ananoa lugha yake mwenyewe. Wewe unayo bahati ya kuwa na lugha nyingine kamili, nayo itafanya kazi ya vile vidokezo.

Tuifanye hapa hapa. Hiki ni kifungu kifupi:

"My sister has worked at the library since 2019. She takes the bus every morning, but yesterday the bus was late, so she walked."

Kisome, hakikisha umekielewa chote, kisha kiandike kwa Kiswahili chako cha kawaida: "Dada yangu anafanya kazi maktaba tangu 2019. Kila asubuhi anapanda basi, lakini jana basi lilichelewa, kwa hiyo alitembea kwa miguu." Funga Kiingereza. Kaa siku mbili. Halafu chukua Kiswahili peke yake na ukirudishe. Watu wengi wa kiwango chako huleta kitu kama hiki:

"My sister is working in library since 2019. Every morning he take bus, but yesterday bus was late, so she walked by foot."

Sasa weka maandishi mawili sambamba, ya asili na ya kwako, upite neno kwa neno. Hutahitaji mwalimu kukuambia ulipokosea, utaona kwa macho yako. "Is working" badala ya "has worked": Kiswahili kinatosheka na "anafanya" hata palipo na "tangu", Kiingereza kinadai hali timilifu. "He" kwa dada yako, kwa sababu "a-" yetu haibagui mume na mke. "Take" bila "s". "The" imedondoka mara tatu. Na "by foot" imeingia kutoka "kwa miguu", ilhali "walk" tayari ina miguu ndani yake.

Hebu ona ulichopata kwa sentensi mbili tu. Makosa yote uliyonitajia yamejitokeza, pamoja na mengine mawili ambayo hukuyajua. Hakuna kitabu cha mazoezi kinachoweza kukuonyesha hivyo, kwa sababu kitabu kinauliza kile ambacho mtunzi ametaka kuuliza, na hii inafichua kile ambacho wewe unakikosa. Fanya kifungu kimoja cha sentensi nne hadi sita kila siku, na urudishe kile cha siku mbili nyuma. Chagua vifungu ambavyo unavielewa asilimia mia, maana unachofuata ni kuvitoa upya. Kuvielewa kuwe kumeshaisha.

Kila kosa lililojirudia liandikie kadi. Na hapa nina msimamo: usiandike kosa lenyewe kwa wino mwekundu ulitazame kila siku, utalikariri. Upande mmoja andika sentensi ya Kiswahili inayoliita lile jambo, upande wa pili sentensi sahihi ya Kiingereza. Upande mmoja "Anafanya kazi hapa tangu Januari", upande wa pili "She has worked here since January". Unasoma Kiswahili, unasema Kiingereza kwa sauti, ndipo unageuza.

Niyaguse sasa makosa yako yale matatu, kwa sababu hayalingani uzito.

La "he" na "she" si la kutojua. Unajua tofauti tangu wiki ya kwanza. Linakuja kwa kuwa Kiswahili hakikudai ulifikirie, na mdomo umeshazoea. Dawa yake ni kusema sana habari za mtu mmoja mmoja. Chagua mwanamke unayemfahamu, simulia siku yake tangu kuamka hadi kulala, kisha rudia habari ile ile kwa mwanamume. Simulizi hiyo inakufanyia kazi mbili, maana kila kitenzi chake kinadai "s": she wakes, she opens, she calls.

Na kuhusu hiyo "s", usijidharau. Mwanasaikolojia Roger Brown, aliyefuatilia watoto watatu wa Kimarekani wakikua na lugha yao na kuchapisha kazi yake mwaka 1973, aliona "-ing" ikitangulia mapema na "s" hii ya kitenzi ikichelewa sana, japo ndiyo inayosikika kila siku. Kwa wanaojifunza lugha ya pili nako inajulikana kuwa ni miongoni mwa vitu vinavyochelewa. Utaijua kanuni yake miaka mingi kabla haijatulia mdomoni. Wakati wa kuandika, isubiri mwishoni. Maliza barua yako, kisha ipitie mara moja ukitafuta vitenzi tu, kila kimoja ukikiuliza mtenda wake ni nani. Usitafute kingine chochote katika mzunguko huo. Macho yanayotafuta makosa yote kwa pamoja huyaruka mengi.

"The" ndiyo ngumu kweli. Neno hilo moja huchukua takriban maneno 6 katika kila 100 ya maandishi ya kawaida, kwa hiyo ukilikosea unalikosea kila mstari. Vitabu vinakupa kanuni nyingi na orodha ndefu za vighairi. Mimi ningekuanzishia na swali moja: je, anayenisikiliza anajua ni kipi ninachokisema? Kama anajua, "the". Kama ni kimoja, kinahesabika, na bado hakijui, "a" au "an". Kama nasema habari ya vitu kwa jumla, au kitu kisichohesabika kama "water", siweki kitu.

Na hilo wazo si geni kwako. Ukisema "nimenunua kitabu", unanipa habari mpya, kitabu chochote. Ukisema "nimekinunua kitabu", ile "ki" inaniambia ni kile tulichokuwa tunakizungumzia. Unaiweka bila kufikiri tangu utoto. Kila unapokwama kwenye "the", jaribu kuisema sentensi kwa Kiswahili na usikilize kama ungeweka kiambishi cha yambwa, yaani kitu kama hiyo "ki". Haitakupa jibu kila mara (kwa watu na wanyama tunakiweka tu, na Kiingereza kina desturi zake kama "take the bus") lakini itakuondolea kubahatisha.

Kuna makosa mengine matatu ambayo hukuyataja lakini nina hakika unayo, kwa sababu yanatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili sahihi. Sisi tunasema "ningekuwa na muda, ningekuja", "-nge-" pande zote mbili. Ukihamisha unapata "If I would have time, I would come", na Kiingereza sanifu kinataka "If I had time, I would come". Tunasema "kitabu nilichokinunua", ukihamisha unapata "the book which I bought it", na hiyo "it" haitakiwi. Na mtu akikuuliza "Haven't you eaten?" ilhali hujala, Kiswahili kinakuruhusu kujibu "ndiyo", yaani ni kweli sijala. Kwa Kiingereza jibu ni "No, I haven't". Ukisema "yes" atadhani umeshakula. Hilo la mwisho ningelifanyia mazoezi ya sauti kuliko yote, maana linakuja ghafla, halikupi nafasi ya kufikiri, na linaharibu mawasiliano kabisa.

Tuje kwenye maneno. Umeuliza mangapi yanatosha. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yenye matumizi mapana, na tangu hapo imekuwa msingi wa vitabu vingi vya wanafunzi. Maneno 2,000 yanayotumika zaidi hufunika karibu asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Inasikika kama nyingi, lakini maana yake ni kwamba katika kila maneno matano moja hulijui. Paul Nation, ambaye ameyafanyia haya kazi kuliko karibu mtu yeyote, alikadiria mwaka 2006 kwamba ili usome riwaya pasipo kamusi, ukijua asilimia 98 ya maneno yake, unahitaji familia za maneno kati ya 8,000 na 9,000. Familia ni "help", "helped", "helpful" na wenzake wakihesabiwa kama kitu kimoja.

Usiogope hiyo elfu tisa. Kwa kuandika na kusema unahitaji machache zaidi, ila unahitaji kuyajua kwa kina. Na hapa ndipo orodha zako zinapokuangusha. Umekariri neno moja kwa maana moja, lakini neno halisimami peke yake, lina wenzake linaotembea nao. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, na hakuna kinachopigwa. Kiingereza nacho kina ya kwake: "make a phone call", "take a photo", "do the ironing". Tunasema mvua kubwa, wao "heavy rain". Kwa hiyo kadi ya msamiati isiwe neno kwa neno. Iwe sentensi fupi nzima, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kama zile za makosa. Zote zikae rundo moja.

Kuhusu kuzirudia: mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, kisha kasi inapungua, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku hufaa kuliko yaliyorundikwa mara moja. Mwandishi Sebastian Leitner naye katika miaka ya 1970 alieneza njia rahisi ya masanduku. Kadi zote huanzia sanduku la kwanza, linalopitiwa kila siku. Ukiipata kadi, inahamia sanduku la pili, la kila siku tatu, kisha la tatu, la kila wiki, na kuendelea. Ukiikosa inarudi la kwanza, hata ingekuwa imefika wapi. Programu nyingi za simu zinafanya hesabu hiyo zenyewe, lakini bahasha nne na karatasi zilizokatwa zinatosha. Maneno mapya matano kwa siku ni mengi tayari. Na usijifunze siku moja maneno yanayofanana au kupingana, yatakugongana kichwani. "Borrow" na "lend" ndiyo mfano mbaya kuliko yote kwetu, kwa kuwa Kiswahili kinaziita zote kuazima. Jifunze "borrow" leo, iache itulie wiki kadhaa, ndipo umlete mwenzake.

Sarufi usiiache. Hadithi nazo zianze leo. Nation anapendekeza muda wa kujifunza ugawanywe mafungu manne yenye uzito sawa: kusoma na kusikiliza kwa ajili ya maana, kuandika na kusema kwa ajili ya maana, kuisoma lugha yenyewe kama vile sarufi na maneno, na kujenga wepesi kwa kile unachokijua tayari. Wewe umeweka karibu muda wako wote kwenye fungu la tatu. Kwa kusoma, chukua vitabu vilivyorahisishwa kwa wanafunzi, vya kiwango ambacho hukuti zaidi ya neno geni moja au mawili kwa ukurasa. Ukilazimika kufungua kamusi kila mstari, hicho kitabu kiweke kabatini, muda wake bado.

Fungu la nne ndilo dawa ya maneno kukukimbia. Hayakukimbii kwa kuwa huyajui, bali kwa kuwa hujawahi kuyaita kwa haraka. Kuna zoezi linaloitwa nne-tatu-mbili. Chagua habari unayoijua vizuri, kama kazi yako au safari uliyoifanya. Isimulie kwa Kiingereza kwa dakika nne. Kisha habari ile ile kwa dakika tatu, kisha kwa mbili, bila kupunguza yaliyomo. Usitafute neno jipya hata moja, ukikwama zunguka kwa maneno uliyonayo. Ukiwa peke yako, jirekodi kwa simu. Sikiliza ile ya mwisho, toa makosa mawili tu, yaandikie kadi, basi. Raundi ya tatu utajisikia unasema kama mtu mwingine.

Zile programu za kusahihisha maandishi, na hizi za akili bandia, zitumie baada ya kuandika, kamwe si kabla. Na usikubali zikuandikie upya. Ziambie zikuonyeshe mstari wenye kosa pasipo kulirekebisha, ulitafute mwenyewe, kisha zikuhakikishie. Sentensi nzuri uliyoandikiwa haiachi chochote kichwani mwako.

Na vitabu vyako vya mazoezi usivitupe. Virudie hivyo hivyo, ila funika kichwa cha somo, funika kile kitenzi cha pembeni ikiwezekana, na uchukue sentensi mbili mbili kutoka sura tano tofauti badala ya kumaliza sura moja. Alama zako zitashuka wiki ya kwanza, tena sana. Usirudi kwenye njia ya zamani kwa sababu hiyo, alama hizo za chini ndizo zinazosema ukweli kuhusu barua pepe zako. Kosa likikaa sahihi katika maandishi yako matatu ya wiki tofauti, bila wewe kulifikiria, isogeze kadi yake sanduku la nyuma kabisa. Likirudi, nayo irudi mbele.